Bati kumi na nne

Leo nimemjibu mzee wa watu dukani. Mimi, ambaye hata darasani sinyooshi mkono!

Dada yangu Vene ni fundi cherehani. Anajenga nyumba yake ya kwanza kule Mollo, vyumba viwili. Kuta zimeisha, kenchi za paa zimepigwa, zimebaki bati tu.

Mwezi uliopita aliulizia bei, akajibana mpaka zikatimia hela za bati ishirini.

Leo asubuhi tumefika dukani, bei imepanda, hela zilezile zinatosha kumi na nne.

Dada akazihesabu upya. Mwenye duka akacheka: "Binti, bei haimsubiri mtu. Tafuta mume mwenye nyumba, upumzike."

Nikasikia sauti inasema. Kumbe ni yangu.

"Shikamoo mzee. Dada hajaja kuulizia mume. Amekuja kununua bati."

Duka zima kicheko! Mama mmoja akadakia, "Mhesabie mtoto wa watu bati zake!"

Mzee hakupunguza hata shilingi. (Ninyi mngemjibuje?)

Tukazipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Fundi wa paa akaezeka chumba kimoja na nusu ya cha pili, zikaisha.

Jirani akapita, akauliza, "Vene, nyumba imenyolewa nusu?"

"Nusu hiyo ni yangu," dada akamjibu.

Sasa hivi mvua inanyesha. Chumba cha pili kinajaa maji, nasi tumekaa kwenye kile kikavu tunakula ugali wa ulezi.

Funguo za chumba tulichokuwa tumepanga tumesharudisha kwa mwenye nyumba.