Mbuzi Mahali Patakatifu

Mwenyekiti wa kamati ya parokia alinifuata nyumbani Pasiansi baada ya kusikia kwamba mimi ni mtafiti wa mambo ya kale, nachimba kwa mwiko badala ya jembe. Alitaka nithibitishe jambo alilokwisha kuliamua: kwamba altare ya kanisa la kwanza la wamisionari, ng'ambo kule Sengerema, ilikuwa chini ya zizi la bibi mmoja mjane. Nikithibitisha, bibi angehamishwa, nyumba na zizi, ili mahujaji wapate kituo.

"Mbuzi wanakojoa mahali patakatifu," alisema, kwa uchungu wa jirani ambaye kiwanja chake kinapakana na zizi hilo.

Nilivuka kwa feri, nikafunga kamba za kupimia zizini, nikashuka tabaka kwa tabaka. Juu samadi. Chini yake mbegu za pamba, maana kanisa lilipohamia kwenye jengo jipya, hili la zamani lilifanywa ghala. Chini ya pamba nikakuta sakafu ya matofali na kizingiti cha jiwe kilicholika katikati kwa miguu ya watu.

Bibi alichungulia shimoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huo ni mlango, mwanangu. Niliingilia hapo siku ya ndoa yangu. Padri alisimama kule, kwa mwenyekiti."

"Mbona hukuwaambia kamati?"

"Nilinyoosha mkono kikaoni. Mwenyekiti akasema tufunge kwa sala."

Kamati ilikuwa imeiweka altare zizini kwa sababu pale ziwa linaonekana vizuri. Nilifuata kuta mbili za kanisa kwa kamba. Zote zilipita chini ya ua na kuingia sebuleni kwa mwenyekiti. Mlangoni kwake palikuwa na jiwe bapa la kupangusia matope. Nililisugua kwa brashi: misalaba mitano, mmoja katikati na minne pembeni, kama ilivyochongwa kwenye mawe ya altare.

"Ulilipata wapi?"

"Nilipochimba msingi," mwenyekiti alijibu, akilikanyaga tena.

Kwa siku tatu za uchimbaji, sote tuliokaribishwa kwake tulikuwa tumepangusa viatu hapo, paroko akiwa wa kwanza.

Jumapili ilitangazwa kwamba imani haikai kwenye matofali, na kwamba suala la kituo cha hija linaombewa. Ripoti yangu kamati haikuiomba. Bibi, ambaye hajui kusoma, aliomba nakala. Aliitia kwenye mfuko wa nailoni, akaitundika kwenye mlango wa zizi, upande unaotazama sebule ya jirani.