Ramani ya Jenerali Ukutani

Iko Jumapili moja ambayo hata leo nikiikumbuka masikio yangu yanapata moto. Mwanangu, nakuandikia kabla hujazaliwa. Nina miaka kumi na saba, na hili ninalokuambia nililipata kwa aibu, sikulisoma popote.

Mwaka huo jenerali mmoja wa vita vya kwetu Burundi alikuwa amefariki. Simu zote kanisani kwetu, hapa Durban, zilijaa picha zake, lakini wazee walizitazama kimya, kila mmoja pembeni yake. Shuleni mwalimu wa historia alitaka tuandike maisha ya mtu aliyepigana vita vya nchi yake. Nikasema huyu ni wangu. Alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuingia msituni. Hakulala mlima mmoja siku mbili. Vita vilipoisha akavaa suti, akawa mtu wa serikali, akafa kitandani. Hayo nilikuwa nayo. Nilichokosa ni njia aliyopita.

Basi nikaanza kuwauliza wazee walizaliwa mlima gani. Wewe huenda ukawa mtoto wa Durban kama mimi, kwa hiyo nikueleze: kwetu kila mtu ana mlima wake, na ukiujua, unakaribia kujua vita vilimkuta upande gani. Ndiyo maana hapa mtu mzima akiulizwa kwao husema Bujumbura, basi. Mimi sikulijua hilo. Na mimi ndiye yule msichana wa kumimina chai asiyeongea, nani angenikatalia? Walinijibu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini.

Nikachora ramani kwenye manila kubwa. Njia ya jenerali niliipiga wino mwekundu, na kando ya kila mlima nikaandika jina la mtu wa kanisa letu. Penye kambi yake niliandika jina la mzee mmoja ninayemwita Mzee Fundi, maana ndivyo alivyoniomba baadaye. Mlima unaotazamana na kambi hiyo ulikuwa wa Mama Spesiyosa. Hao wawili wana meza moja Umbilo Road: mama anauza vitenge nusu hii, mzee ana cherehani nusu ile. Nikaibandika ramani ukutani, kwenye ukumbi wa kanisa tunakonywa chai baada ya ibada. Nilivyojisikia siku hiyo, usiseme.

Watu wakaja na vikombe vyao. Wakasoma. Kisha kaka mmoja wa kwaya, ambaye hawezi kukaa bila kutania, akasema, "Eh, Mzee Fundi, kumbe ulikuwa nyumba moja na jenerali! Mbuzi za Mama Spesiyosa mlizikula na chumvi ao bila?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Fundi akaweka kikombe chini, akachukua kofia yake, akatoka.

Jumatatu hakuja mezani. Jumanne hakuja. Alhamisi nikitoka shule nilikuta cherehani imefunikwa, na vitambaa vya gauni la harusi vimelala juu yake, vimekatwa, havijashonwa. Mama Spesiyosa alikuwa akiwaambia wateja warudi kesho. Nilisimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, zikageuka mara mbili sijavuka, mpaka akaniita kwa mkono.

Nilimwambia, "Nisamehe, sikujua kwamba ulikuwa hujui Mzee alikuwa upande gani."

"Nani alikuambia sikujua?" akasema. "Alinieleza mwenyewe, mwaka wa kwanza, amekaa hapa. Cherehani alijifunzia msituni. Zile nguo za askari waliokuja kuchoma kwetu, ni yeye alizishona. Nilimaliza mwezi mzima simsemeshi. Halafu nikamletea kitenge, nikamwambia, shona. Yeye alichagua kuniambia, mimi nikachagua kukaa naye. Wewe umewaambia watu wote, na hukutuuliza hata mmoja."

Nikasema nitaichana ile ramani.

"Usiichane. Ukiichana utakuwa umekimbia tu. Huyo jenerali wakubwa wameshamwandika. Na sisi tuandikwe, lakini kwa ruhusa yetu. Nenda kwake Sydenham, umwambie kwa mdomo wako."

Mimi, ambaye hata kununua mkate naona haya, nilipanda teksi peke yangu nikirudia maneno yangu njia nzima. Mlango ulipofunguka yote yakapotea. Nikasema tu, "Mzee, nilikosa. Sikukuuliza."

Alishika mlango, nikadhani atafunga. Akanikaribisha ndani. Alinieleza kwamba jenerali alijua majina ya mama zao askari wake wote. Na jenerali huyo huyo aliamuru nyumba zichomwe, kisha akauliza kama chakula kiko tayari.

"Andika yote mawili," akasema. "Ukiandika moja, umedanganya. Na jina langu ulitoe. Siku nikitaka kulisema, nitasimama mwenyewe."

Nikamuuliza kama atarudi mezani. Akasema anaogopa macho ya watu. Nikamjibu, na sijui nguvu ilitoka wapi, kwamba yaniangalie mimi kwanza.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa zima. Sauti ilitetemeka, lakini sikuketi kabla ya kumaliza. Nilisema nimeanika watu bila ruhusa, na mwenye utani kwa Mzee Fundi aanze na mimi. Yule kaka wa kwaya aliinamisha kichwa.

Jumatatu, Umbilo Road, niliisikia cherehani kabla sijaiona. Mama Spesiyosa alikuwa akimgombeza Mzee Fundi kwamba mkono wa kushoto wa gauni ni mrefu kuliko wa kulia, na yeye akibisha kwamba ni bibi harusi ndiye amepinda.

Mwanangu, ukiuliza jenerali aliacha nini, watakuonyesha picha yenye nishani. Uliza pia aliwaachia nini waliobaki hai, na wao wamefanya nini nacho. Usiiogope historia yenu. Lakini kabla hujaliweka jina la mtu mbele za watu, mtafute mwenyewe, mwangalie usoni, omba. Akikataa, subiri. Ukikosea, usijifiche, nenda ukagonge mlango.

Mungu akupe miguu ya kukufikisha kwenye mlango huo, na mdomo usiogeuka nyuma hata ukitetemeka. Na akuwekee ndani mtu atakayekufungulia.