Kasuku Niliyemwona Mimi, Fomu Inasema Mwenyekiti

Admin, jina langu usiliweke, huku Amalemba tunajuana hadi kwa nguo tunazoanika. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, niliishia kidato cha nne, na mtoto wangu wa miezi tisa hajaniacha nilale tangu azaliwe.

Mwaka jana nilijiunga na chama cha kujitolea kinachoandika ndege na wanyama wa msitu wetu. Unaamka mapema, unatembea, unaandika ulichoona, mahali na saa. Mimi naendanga na mtoto mgongoni. Nyumbani analia, msituni ananyamaza anasikiliza. Hapo ndipo nami napumzika roho.

Sasa mwenyekiti wetu. Ana koti la mifuko kumi na darubini shingoni kama kengele ya ng'ombe. Siku moja aliiinua akatuambia, "Mnaona yule mwewe? Manyoya safi kabisa!" Kifuniko kilikuwa bado kwenye vioo. Tulinyamaza kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo imetufikisha hapa.

Mwezi uliopita, asubuhi ya ukungu, niliona kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, akiingia kwenye tundu la mti mkubwa uliokauka. Hao kwetu wamebaki wa kutafutwa. Nilirudi siku nne, bado anaingia na kutoka, na ndani nasikia makinda wakilia. Nililia, sioni aibu kusema. Ule mti umeshawekwa alama ya kukatwa kuni. Lakini ndege adimu akiingia kwenye kitabu cha chama, mti wake unaachwa.

Shida ni sheria yetu: ndege adimu lazima aonwe na watu wawili. Nikampigia mwenyekiti aje.

"Mama Toto, huko kuna matope, na hivi viatu ni vya mikutano. Nitumie maelezo, nitaweka sahihi."

Nikatuma. Fomu ikarudi hivi: aliyeona, mwenyekiti. Shahidi, mimi. Hali ya hewa, jua kali. Jua! Siku ile ukungu ulilowesha hadi shuka la mtoto.

Nilipomuuliza alicheka. "Wageni wanaokuja kuona ndege wakikuuliza jina la kitaalamu utasema nini, na mtoto anakuvuta titi? Weka sahihi, mama, tusaidie msitu."

Niliomba wanachama wengine tuende wakaone. Wakasema, "Tukaone nini? Si mwenyekiti ameshaona?" Watu wazima hao, wana macho mawili mawili.

Mume wangu ni mpole. Alimeza obusuma, ugali wetu, akasema, "Mama, si uweke tu? Kasuku hajui kusoma."

Nikamjibu, "Mimi najua."

Mkutano wa kupitisha fomu ni Jumamosi. Nisipoweka sahihi, kasuku haingii kitabuni na mti unaangushwa na makinda ndani. Nikiweka, nimeshuhudia uongo, na huyu mtu kesho ataandika ameona tembo Amalemba.

Leo asubuhi nilienda tena. Kasuku alipotoka, mtoto alimnyooshea kidole akacheka. Miezi tisa tu, na ameshaona kuliko mwenyekiti mzima. Sheria ingekubali kidole chake, nisingewasumbua.

Basi nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini kabla ya Jumamosi? Ila anayetaka kuniambia "ni jina tu," kwanza aende kule kwenye matope.