Alama Tatu za Kipa wa Ghulail

Juzi jioni hapa Riyadh, kwenye nyumba ya mtaa wa Al-Malqa ninakolea watoto, vijana wa madam, mwajiri wangu, walitazama fainali hadi mwisho, kisha wakaanza jambo ambalo mimi siliwezi: kumpa kila mchezaji alama zake. Simu mkononi, kelele juu, huyu saba, yule sita na nusu. Walipofika kwa kipa aliyefungwa bao la mwisho, mkubwa wao akasema, "Tatu, halas, zinamtosha," na wote wakacheka. Niliweka trei ya vikombe mezani, nikaenda jikoni, nikafungulia maji ya bomba ili wasinisikie nikilia.

Utaniuliza, rafiki yangu, kipa wa watu unamlilia nini? Kaa nikueleze.

Mimi nimekulia Jeddah, mtaa wa Ghulail, mtoto wa pekee wa dereva wa lori la maji kutoka Mombasa. Tulikuwa na vyumba viwili na feni moja yenye makelele mengi na upepo kidogo. Alfajiri mama alikaanga mahamri ya kuwauzia majirani, na kazi yangu ilikuwa kutwanga iliki kabla ya kwenda shule. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki mbichi, mikono inakumbuka yenyewe. Baba alirudi mchana na shati limelowa, akalala chini kwenye sakafu ya baridi, akaniita nimhadithie mambo ya shule.

Ijumaa baada ya alasiri, baba alikuwa kipa. Watu wa kwetu walicheza nyuma ya gereji, kwenye kiwanja kisichokuwa na jani hata moja, na mara moja kwa mwaka palikuwa na fainali, sisi na wenzetu wa mtaa wa Karantina. Nami nilikaa nyuma ya goli la baba, kila mechi, sikubanduka.

Sasa sikiliza desturi yetu. Baada ya fainali, tushinde tushindwe, pilau haikufunuliwa mpaka wachezaji wapimwe. Tulijaa uani kwa jirani yetu fundi cherehani, sinia zimefunikwa, harufu ya bizari inatutoa udenda. Fundi alimsimamisha mchezaji mmoja mmoja, akampa alama kati ya kumi na sababu zake, na mchezaji hakuruhusiwa kujibu neno. Beki mmoja aliwahi kuambiwa, "Wewe leo nimekupa mbili, moja ya kuja na moja ya kuvaa viatu," akainamia viatu vyake, watu wakacheka. Kipa peke yake hakupimwa na fundi. Yeye alipimwa na mtu aliyekaa nyuma ya goli lake, kwa kuwa huyo ndiye aliyeona kila kitu. Kwa hiyo baba yangu nilimpima mimi.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoanza, na niliichukulia kazi ile kwa uzito kuliko Hesabu. Baba mwenyewe alinifundisha. "Usiniongezee hata nusu, mwanangu. Ukinipendelea, hizo alama nyingine zote hazitakuwa na maana." Mwaka mmoja nilimpa tisa, na akatembea wiki nzima kifua mbele.

Mwaka wa mwisho tulifungwa moja bila. Ulikuwa mpira mwepesi, wa kuokotwa, ukabiringika polepole hadi ndani, na baba amesimama anatazama kwingine. Uani kwa fundi siku hiyo alikuwapo mgeni, msimamizi wa kazini kwa kina baba, mtu wa kwetu pwani, aliyealikwa kwa kuwa ndiye aliyetununulia jezi.

"Haya, mwanangu, mpe zake," fundi akasema.

"Tatu," nikasema.

Watu wakaguna. Baba akatabasamu, mikono nyuma.

"Na sababu?"

"Hakuuona mpira. Ulipita mbele yake, hakuuona."

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimezoea kusifiwa kwa sababu zangu nzuri, nikaendelea: "Hata nyumbani siku hizi haoni. Ufunguo anaupapasa. Barua za shule namsomea mimi."

Mama alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyeungua. Msimamizi akainua uso. "Haoni tangu lini?" akauliza. Nami, kwa heshima zangu zote, nikamjibu: "Tangu kabla ya Ramadhani, ami."

Baba alikuwa na sukari, imemwingia machoni. Mama alijua, mimi sikuambiwa. Dereva asiyeona hana kazi, na asiye na kazi hana kafili wa kumdhamini, na bila kafili hakuna ikama ya kuishi nchini, si yake wala yetu. Wiki iliyofuata alipelekwa kupimwa macho. Kabla mwezi haujaisha tulikuwa uwanja wa ndege na masanduku matatu. Baba alinishika mkono, akaniambia, "Ulisema kweli. Usilie." Ningeshukuru angenichapa kofi.

Najua unachotaka kuniambia, maana nimeambiwa mara nyingi: lori zito lile, barabara zimejaa watoto, huenda niliokoa mtu. Huenda. Haijawahi kunipa usingizi.

Nilirudi Saudia mtu mzima, kwa kazi hii ya kulea watoto, na mwaka jana madam alitupeleka Jeddah, nikamwomba dereva apite Ghulail. Kumebomolewa. Gereji hakuna, ua wa fundi hakuna, sikuweza hata kukisia goli la baba lilikuwa upande gani. Nilimwambia dereva, "Yalla, twende," na sikugeuka.

Lakini nirudi nyuma: tulipofika Mombasa, macho ya baba yalikufa kabisa. Jioni nilimpeleka kwenye uwanja wa shule jirani, nikawa macho yake, namtangazia mechi, na mwisho aliniomba niwapime wachezaji. Tangu Jeddah sikuweza tena kumwumiza mtu kwa namba. Huyu nane, yule tisa, kila mmoja mzuri. Baba alisikiliza miezi na miezi. Siku moja akauliza, "Mbona siku hizi hakuna anayecheza vibaya?" Nikacheka tu.

Akaningoja nimalize kucheka. Halafu akasema, "Ile fainali yetu. Ukinipima leo, utanipa ngapi?"

"Kumi, baba."

Alinielekezea uso kama mtu anayeona. Hakukasirika. Akasema polepole, "Basi na wewe pia umeacha kuniambia ukweli."

Hakuniomba tena nimpime mtu yeyote. Aliishi miaka miwili baada ya hapo, tukiongea vizuri, tukicheka, nikimsomea kila alichotaka. Watu wananihurumia kwa nyumba na mtaa niliozoea, navyo kweli vimekwenda. Lakini baba yangu alikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyemwamini kwa kila neno, na mtu huyo nilikuwa mimi, nami nilimnyang'anya mtu huyo kwa sababu nilimwonea huruma.