Wasikilizaji wa Upande wa Pili wa Mabati

Namshukuru Mungu aliyetuamsha leo, mimi na mke wangu, na kutuachia masikio hata miguu ilipoanza kutushinda.

Mguu wa mke wangu ulipougua, hakuweza tena kutembea hadi kanisani. Ibada yake ikawa mahubiri ya asubuhi redioni. Redio yenyewe si yetu, ni ya jirani, kijana wa kuchomelea vyuma, na kati yetu kuna mabati tu. Ploti zetu za mtaa wa Kabiro, safu za vyumba vya kupanga, ndivyo zilivyo: mmoja akikohoa, wa chumba cha tatu humpa pole.

Jumamosi moja akaja binti wa utafiti, akiuliza watu husikiliza stesheni gani. Tulimsikia akimweleza jirani kwamba vipindi visivyo na wasikilizaji vitaondolewa, na hayo mahubiri yalikuwa karibu kwenda. Mke wangu akaacha kuchambua mboga ya sukuma wiki.

"Mimi sisikilizi kitu," jirani akajibu. "Naiwasha nikienda kazi, ndio wezi wafikirie kuna mtu. Na hiyo stesheni ya mahubiri, ni kitufe kilikwama hapo."

Mke wangu akanitazama, nami nikajua ni lazima niseme. Nikaelekeza mdomo kwenye mabati nikamwambia binti kwamba sisi tunasikiliza kila siku. Akashtuka, akauliza ni nani huyo. Kabla jirani hajajibu, mke wangu alikuwa amekwisha kuanza kumsimulia mahubiri ya jana, tangu somo la kwanza, na mama wa mandazi chumba cha tatu akaitikia amina.

Binti akaja mlangoni petu na simu anayojazia majibu. Akauliza redio yetu iko wapi. Nikamwambia hatuna.

"Sasa mnasikiliza na nini, mzee?"

"Na ukuta, mwanangu."

Simu yake haikuwa na mahali pa ukuta. Akampigia mkubwa wake, wakavutana kidogo, kisha akatuambia tumewekwa katika kundi la wanaosikiliza wakiwa nje ya nyumba. Mke wangu, ambaye hakuwa amevuka kizingiti tangu mvua za masika, alicheka mpaka akaushika mguu.

Kipindi kingalipo. Jirani naye, tangu ajue kwamba ana washirika, humwuliza mke wangu kama bibi yake kabla ya kwenda kazini: "Shosh, sauti inatosha?" Mke wangu humwambia aongeze.

Nawe unayesoma, Mungu akubariki, akupe afya, na jirani wa kukusikia unapoita.