Hotrodi Iliyoishia Langoni

Mwezi uliopita wenzangu wa kazini walinikokota hadi kwenye maonyesho ya magari, nje kidogo ya Riyadh. Nasema walinikokota kwa sababu Ijumaa yangu mimi napenda kuilala. Lakini kuna kijana mmoja wa Nairobi hapo kazini ana wazimu wa magari, na akishaanza kukubembeleza hakuachi. Tulipofika tukakuta banda zima la hotrodi. Kama huzijui, ni yale magari ya Kimarekani ya zamani sana ambayo wenyewe huyavua madigadi, huyashusha paa, na kuyatia injini kubwa kuliko ile yaliyozaliwa nayo. Yalipangwa kwenye zulia, yanang'aa, na mbele ya moja jekundu watu walikuwa wanabishana.

"Hii si hotrodi, wallahi," kijana wetu alikuwa anasema. "Hii jamaa ameagiza kila kitu kwa katalogi. Hata spana hajawahi kushika!" Mwingine akasema la, muhimu ni bodi iwe ya kabla ya vita. Wa tatu akasema bodi si hoja, hoja ni mwendo. Mimi nilisimama hapo na kikombe changu cha juisi ya embe. Maneno yale yote niliwahi kuyasikia, moja baada ya jingine, nikiwa mtoto, kwa Kiswahili, kwenye ua wa gereji kule Al-Mahjar, Jeddah. Niliwaambia wenzangu naenda chooni, nikaenda kukaa ndani ya gari langu na kulia kama mtoto.

Wewe nikusimulie, maana wao nisingeweza.

Baba yangu alikuwa fundi bodi kutoka Tanga. Alikuja Jeddah kabla sijazaliwa, akamwita mama baadaye, na mimi na wadogo zangu tukazaliwa huko huko. Gereji ilikuwa ua mkubwa wenye ukuta wa matofali na lango la bati, na sisi tuliishi vyumba viwili vya juu yake. Asubuhi niliamshwa na grinda ikikata chuma, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na harufu ya mkate wa tamisi kutoka tanuri la jirani. Mama alikuwa akimwaga mafuta ya ufuta juu ya bakuli la fuli, yale maharage ya Kiarabu, anafunika kwa sahani lisiingie vumbi, kisha anapiga kelele dirishani, "Baba watoto, chakula!" na baba anajibu "Nakuja," wala haji. Jasho la Jeddah unalijua? Unatoka kuoga, unajifuta, na bado umelowa. Baba alifanya kazi katika jasho lile miaka yote ya utoto wangu na sikumbuki akililalamikia.

Ile gereji haikuwa yake. Hakuna mgeni aliyekuwa na gereji yake. Kila kitu kiliandikwa kwa jina la kafili, yaani Msaudi aliyemdhamini baba, mzee mnene mpole aliyekuja alasiri na tasbihi yake, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai ya mama yenye hiliki na kuisifu hadi mama anaona haya. Baba alimwita ami. Walipendana, hilo nalisema wazi, kwa sababu baadaye watu wengi walimsema vibaya marehemu.

Ni huyo mzee aliyelileta gari. Lilikuwa pikapu ya Kimarekani, ya zamani kuliko baba, imetoka kwenye shamba la jamaa zake huko Taif ambako kuku walikuwa wanatagia ndani yake. Mlango mmoja haukuwepo. Injini haikuwepo. Mama alipoliona likishushwa kutoka kwenye satha, yale malori mapana ya kubebea magari, alisema, "Haya, tumeletewa banda la kuku." Baba hakumsikia. Alikuwa anazunguka, anagonga bodi kwa kidole na kutega sikio, kama mnunuzi wa tikiti maji sokoni. Kafili akamwambia ni lako, lifanye utakavyo.

Kuanzia siku ile Ijumaa zetu zilikuwa za lile gari. Gereji ilifungwa, wanaume wakirudi kutoka msikitini, mama anateremsha sinia la wali na samaki wa kukaanga, na ubishi unaanza. Mbishi mkuu alikuwa jirani yetu wa Mombasa, dereva wa familia moja tajiri. Mtoto wa bosi wake alimpa magazeti ya magari ya Kimarekani, nayo yakawa kwake kama vitabu vya fikihi. Anayafungua, ananyoosha kidole juu, anatoa fatwa.

"Hotrodi ya kweli, bwana fundi, ni ya Mmarekani mtupu. Bodi ya Mmarekani, injini ya Mmarekani, hata ule mlango. Wewe wataka kutia mlango wa pikapu ya Kijapani? Hiyo si hotrodi tena, hiyo ni achari."

Baba anamega samaki, anacheka. "Wale waliozianza walikuwa vijana maskini. Walichukua walichokiokota tashlihi. Mimi nimeokota Mjapani, nifanyeje?" Tashlihi ni makaburi ya magari mabovu, na baba aliyapenda kama wengine wanavyopenda ufukwe.

Halafu alikuwa na msemo wake, anausema kila ubishi ukipamba moto: kitu ulichokinunua kimekamilika si chako, ni cha aliyekitengeneza. Myemeni wa rangi, aliyefanya kazi na baba, aliunga mkono kwa kutikisa kichwa tu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa wali. Basi tulikuwa na madhehebu mawili pale uani. Kwa jirani hotrodi ni asili. Kwa baba hotrodi ni mikono. Jambo moja tu walikubaliana, nalo hawakulibishania hata siku moja: gari halijawa hotrodi mpaka limetoka barabarani kwa nguvu zake lenyewe. Linaloletwa juu ya satha ni pambo.

Mimi nilifanyia kazi za shule ndani yake. Kiti kilikuwa ubao uliowekwa godoro. Nimejifunza kujumlisha sehemu ndani ya lile gari, nimehifadhi sura zangu za juzuu amma ndani yake, na siku baba alipokata paa kulishusha vidole vinne nilinuna wiki nzima kwa kuwa nilidhani ameniharibia nyumba. Lilipochomelewa tena lilikuwa limeinama mbele, limekunja uso. Baba naye ni mrefu, ikambidi akae shingo upande. Jirani alicheka hadi akashika ukuta. "Wajitengenezea jeneza la kukalia!" Mama alijaribu kuingia na abaya yake, akakwama mlangoni, akatoka akitukana kwa Kidigo.

Injini ilipatikana baadaye sana, silinda nane, kutoka teksi kubwa iliyogongwa nyuma. Siku ilipowashwa ilikuwa Ijumaa alasiri, Ramadhani ikikaribia, tumevaa nguo safi. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena. Kisha ikawaka. Sijui nikuelezeje. Bati la lango lilitetemeka, njiwa wote wakaruka kutoka ukutani, mama akatoka mbio na unga mikononi akidhani mtungi wa gesi umelipuka. Baba akaniita, "Mwanangu, panda." Tukaenda kutoka ukuta wa nyuma hadi langoni, polepole, tukarudi kinyumenyume, tukaenda tena. Ua wenyewe ulikuwa mfupi, na kabla hujafurahi umeshafika. Nilimtazama baba, shingo upande, machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Kafili alisimama kwenye kiti chake cha plastiki anapiga makofi. "Mashallah, mashallah! Baada ya Ramadhani tunalitolea karatasi, inshallah."

Karatasi zile zingekuwa kwa jina lake, kama kila kitu. Gari la namna ile halikupita ukaguzi hivi hivi, ilihitaji Msaudi mwenye watu wake, ajue wa kumwona. Baba hakuwa na wasiwasi. Ndivyo tulivyoishi wote, jina la mwenye nchi juu, jasho letu chini, na kama kafili wako ni mtu mzuri unaona umebarikiwa. Hatukufikiria kwamba watu wazuri nao wanakufa.

Mzee aliugua Ramadhani ile ile. Baba alimpelekea uji wa mama hospitalini hadi siku ya mwisho, na alimlilia kuliko wanawe. Wanawe walikuja baada ya matanga, wapole kama baba yao, wakasema gereji inafungwa, kiwanja kimeshapata mtu, na kila kilichomo uani kiende tashlihi kabla ya mwisho wa mwezi. Baba akawaambia kuna gari moja ni langu, alinipa ami. Mkubwa wao akauliza, kwa heshima kabisa, "Karatasi iko wapi?" "Mafi," akajibu baba, yaani hakuna.

Siku moja kabla ya satha kuja, jirani wa Mombasa alitoka mapema kazini, akafunga mlango nyuma yake. Nilikuwa kwenye ngazi nikiwavalisha wadogo zangu viatu.

"Washa, bwana fundi. Washa twende. Mara moja tu. Hadi kwenye mzunguko na kurudi, halas. Nitafungua lango mimi."

"Wakinishika?"

"Hawakushiki."

"Sina namba, sina istimara ya gari, kafili wangu yuko kaburini." Baba alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Wakinishika wananirudisha kwetu. Nina watoto shuleni hapa."

"Miaka yote hii, fundi! Na itakuwa haikutoka nje hata siku moja?"

Baba alinitazama pale kwenye ngazi, kisha akamwambia jirani, "Niache." Jirani akaenda zake. Aliondoka akiwa na hasira, na nadhani ilikuwa hasira ya kumpenda.

Asubuhi baba alilisukuma mwenyewe hadi kwenye satha, hakukubali liwashwe. Alilifunga minyororo kwa mikono yake, akakaza, akaangalia tena kama imekaza vizuri, kazi ya bure maana lilikuwa linakwenda kusagwa. Lango likafunguliwa. Lilitoka barabarani limebebwa. Mama alishika mkono wangu na mimi niliutoa, nikakimbia juu, nikajifungia.

Na sisi hatukumaliza mwaka. Ikama ya baba, kibali chake cha kuishi, ilikuwa imefungwa kwenye jina la marehemu, wanawe hawakutaka wageni tena, na kumpata kafili mwingine ikashindikana. Tulipigiwa muhuri wa kutoka moja kwa moja. Nilimaliza shule Tanga, nikiwa yule mtoto wa Arabuni asiyejua kumenya muhogo. Baba alifungua gereji ndogo ya bajaji. Kuhusu gari hakusema neno, na sisi tulijifunza kutokusema.

Sasa mimi ndiye niliyerudi huku, kwa mkataba wa maabara, nina ikama yangu na kigari changu cheupe ninachokiendesha mwenyewe, mwanamke mimi, jambo ambalo mama asingeliota. Nimekwenda Jeddah mara kadhaa. Ua haupo, ukuta haupo, na mahali tulipokaa pamesawazishwa, sikuweza hata kujua ngazi ilikuwa upande gani. Jirani wa Mombasa alirudi kwao na namba yake haipatikani. Hatuna picha ya lile gari. Baba alisema tungelipiga siku litakapotoka. Na siku hizi, ndugu yangu, magari kama yale yanapewa banda na zulia, na nasikia yana njia zake za kupata karatasi. Hilo ndilo linaloniua. Sina wa kumkasirikia, na hasira ninayo.

Mwaka juzi baba alipolala kitandani kwa mara ya mwisho nilipata ruhusa nikaenda. Hakuwa na maumivu makali, alikuwa amechoka tu. Nilikuwa namlisha uji, akasukuma kijiko pembeni.

"Ningelitoa," akasema.

Nilielewa papo hapo, ingawa ilikuwa imepita miaka mingi hivyo.

"Niliogopa watanirudisha. Si walinirudisha vilevile?"

Nikamshika mkono. Nikamwambia, baba, lakini liliwaka. Uliliendesha. Nilikuwemo ndani, nakumbuka, mimi ni shahidi wako, lilikuwa hotrodi ya kweli kuliko zote. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Uani, mwanangu," akasema. "Uani hata toroli ni hotrodi."

Akageukia ukutani. Uji ulipoa, na hakutaka tena.