Kofia ya nikaha ya mwanangu nimeikuta kwenye kaunta ya pombe

Admin, jina langu lifiche, na mtaa wangu usiutaje. Wanaotujua ni wengi. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu wa hisabati, mkaazi wa pande za Msambweni. Nimeoa mke mmoja, tumeishi miaka arobaini na moja, na Mungu ametujalia wavulana wanne. Watatu wameoa. Wa mwisho nikaha yake imewekwa Mfungo Tatu, inshallah, na ndiyo inayonifanya niandike.

Niwaeleze kwanza, maana bila hili hamtanielewa. Nyumbani kwetu kijana haendi kwenye nikaha na kofia ya dukani. Mimi huchora ua kwa penseli, rula na bikari kwenye kitambaa cheupe, na mke wangu hulishona kwa mkono: hutoboa vitundu vidogo vidogo, kila kimoja akakizungushia uzi. Kazi hiyo humchukua miezi saba. Katikati huwa pana asumini, na kuizunguka naweka nukta, moja kwa kila mwaka ambao mimi na mama yao tumekaa pamoja hadi siku hiyo. Ya mkubwa ina nukta ishirini na nne. Ni hesabu ya ndoa yetu anayoibeba kijana anapokwenda kuanza yake. Mchoro wa kila kofia naunakili kwenye karatasi, naihifadhi kwenye faili la vyeti vyangu. Sijapata kumpa mtu, hata jirani aliponisihi.

Mwezi uliopita sisi walimu wastaafu tulialikwa chakula cha mchana kwenye hoteli moja huko Galu. Mwanangu mkubwa ni msimamizi wa wahudumu hapo. Siku hiyo alikuwa likizo. Akaja mhudumu, mtu mzima wa bara, akainama kuniwekea sahani, na kofia yake ikawa mbele ya macho yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu inama tena kidogo, mwanangu."

Akainama huku akicheka. Nikahesabu. Ishirini na nne.

"Kofia hii umeitoa wapi?"

"Ni yunifomu tu, mzee. Tumepewa wote, ata wale wa baa. Mashine inashona poa, eh?"

Nilitazama kule kwenye kaunta. Wanaume wawili wanafungua chupa, na asumini yangu vichwani mwao. Mwenzangu mmoja, ambaye alihudhuria nikaha ya mkubwa, akaninong'oneza, "Mwalimu, kumbe mmefungua kiwanda?" Sikula tena.

Nilipofika nyumbani nikafungua faili. Karatasi ya mkubwa haipo. Mke wangu alikuwa uani anakuna nazi, wala hakuinuka kwenye mbuzi.

"Nilimpa mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe nani?"

"Mwanao. Alikuja kuiomba, nikampa. Kofia yake, harusi yake."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

Nikampigia mwanangu. Alinijibu kwa adabu, lakini kila neno lilinichoma. "Baba, nilitaka watu waione sanaa ya kwetu. Wageni wanaipiga picha kila siku."

"Na hao wa pombe?"

"Baba, ile ni kofia, si msahafu."

Nilikata simu. Nikarudi uani nikamwambia mama yake kwamba amenivunjia heshima, kwamba miaka arobaini na moja nimemwamini na faili lisilo na kufuli. Akanisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akasema, bila kupaza sauti:

"Mwalimu, wewe huchora jioni moja. Mimi nashona miezi saba, mpaka vidole vinaota sugu. Siku ya nikaha unasimama barazani unawaambia watu, 'Kofia hii ni kazi yangu.' Mara tatu umesema. Mara zote tatu nilikuwa ndani nasikia. Wewe nawe uliniuliza lini?"

Ni kweli nilisema hivyo. Lakini nauliza, kosa langu la barazani lilihalalisha hili la kwenye faili? Kama alikuwa na kinyongo tangu nikaha ya kwanza, angeniambia. Badala yake walikaa wawili, mke na mwana, wakaamua nisijue. Miezi minne mwanangu amekuwa akija nyumbani Ijumaa, tunakula sahani moja, ananiita baba, na kofia zile ziko kazini kwake.

Sasa tuko mwisho wa Mfungo Saba; hadi Mfungo Tatu imebaki miezi saba na siku chache. Kushona kusipoanza mwezi huu, kofia ya mdogo haitawahi. Yeye mwenyewe ameniambia, "Baba, msigombane. Nitanunua tu dukani Ukunda." Neno hilo limeniuma kuliko yote.

Kitambaa kimekaa mezani kwangu wiki tatu. Nimechora duara moja tu. Juzi mke wangu aliweka sindano na uzi juu yake, akasema, "Chora. Usipochora nitachora mwenyewe. Ua hilo nimelishona mara tatu, nalijua kuliko wewe." Naamini analijua. Na hilo pia linaniumiza.

Nyinyi wenye ndoa za miaka mingi, na nyinyi vijana mlio mbali na hasira zangu, nielekezeni. Nichore asumini ile ile ambayo sasa iko kaunta? Nibuni ua jipya kwa macho haya ya uzee? Au nimwachie mama yao penseli, mimi nikae kando? Nukta safari hii zitakuwa arobaini na mbili, na sitaki kuzipunguza hata moja. Na siku hiyo barazani, watu watakapoishika kofia na kuuliza ni kazi ya nani, kwa hali hii niliyonayo, niwajibu nini?